Kufundisha mosheni grafiki: programu kwanza, mkono kwanza au masharti kwanza? Nimejaribu zote hapa Kigoma

Wadau habari za saa hizi. Kuna swali naulizwa sana na kila anayeuliza anakuja na hali yake, mwalimu wa sekondari anataka kuanzisha klabu ya ubunifu jioni, mzazi mwanae kamaliza form four na anashinda na simu anaedit video, kijana wa Mwanga kapata laptopu ya mtumba na anataka ajue kuchezesha logo apate hela za maduka. Wote wanataka kujua kitu kimoja: mosheni grafiki, yaani maandishi na michoro inayotembea kwenye skrini kama ile ya mwanzo wa taarifa ya habari, mtu aanze kufundishwaje?

Nimefundisha kwa njia tatu na zote nimezipeleka mpaka mwisho, kwahiyo naziweka hapa pembeni kwa pembeni.

Ya kwanza naiita programu kwanza, na ndo iliyozoeleka. Mwanafunzi anakaa mbele ya kompyuta, anafungua video ya mafunzo, anafuata: bonyeza hapa, weka alama mwanzo, weka alama mwisho, kompyuta yenyewe inajaza katikati. Ya pili ni mkono kwanza, hakuna kompyuta kabisa, ni karatasi, mkasi, vitu vya nyumbani na simu inayopiga picha moja moja halafu zinaunganishwa. Ya tatu ni masharti kwanza: chombo chagua mwenyewe, karatasi au kompyuta sawa tu, ila unachota kadi zenye masharti na kazi yako lazima iyatii. Hizi mbili za mwisho ndo watu wanaita njia huria, ingawa ukikaa nazo utaona uhuru wake una kamba.

Sasa badala ya kuongea hewani niwape kilichotokea. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mji mzima ulikuwa unaongea hilo, Kibirizi kwenye mwalo wa samaki kumepoa, dagaa ndo stori ya kila kijiwe. Nikaona hii ndo kazi ya darasa. Nikawaambia, tengenezeni video ya sekunde 10, mama muuza dagaa akiiona aelewe kwanini ziwa linapumzishwa. Makundi matatu ya watu wanne wanne, siku tano, kila kundi njia yake.

Kundi la programu siku ya pili tu walikuwa na kitu cha kuonyesha, na kilikuwa kinang'aa kweli. Maandishi ZIWA LIMEFUNGWA yanaingia yanazunguka, nyuma moshi wa bluu, sauti ya vuuuu, samaki anapita. Ukiiona haraka unasema hawa wameiva. Akaja baba wa mmoja wao, mvuvi wa siku nyingi, nikamwonyesha, akaangalia akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Huyu samaki wa wapi?" Ni samaki wa baharini, wa mistari ya njano na bluu, walimchukua intaneti kwa sababu video waliyokuwa wanaifuata ilikuwa na samaki wa namna ile. Wala hakuwa migebuka, wala dagaa, wala kuhe, samaki wa ziwa letu. Na kwanini ziwa limefungwa video haikusema popote, ilisema tu limefungwa, jambo ambalo mama muuza dagaa analijua kuliko sisi sote.

Siwalaumu wale vijana hata kidogo, walifanya kazi. Lakini ndo tabia ya hii njia, unajifunza chombo kupitia wazo la mtu mwingine, na usipoangalia unaondoka na chombo pamoja na lile wazo lake, alafu unadhani ni lako.

Kundi la mkono ndo nataka nikae nao kidogo maana hapa nilijifunza mimi mwenyewe. Walitandika kitenge cheusi mezani, wavu wakakata kwenye chandarua kilichochanika, na samaki wakatumia dagaa wenyewe, wakavu, wa sokoni. Simu wakailaza juu ya mafungu mawili ya vitabu kamera ikiangalia chini, wakaibana na tofali. Hesabu yao ilikuwa hivi: video za TV kwetu huwa fremu (yaani picha moja moja) 25 kwa sekunde, lakini kwa kazi ya mkono picha 12 kwa sekunde zinatosha jicho likaona mwendo, kwahiyo sekunde 10 ni picha 120. Mara 120 unasogeza dagaa, unatoa mkono, unapiga.

Picha 40 za kwanza ziliharibika zote. Ukizichezesha zinawaka na kufifia kama taa yenye umeme mdogo. Tatizo lilikuwa dirisha, wingu likipita mwanga unabadilika, na simu nayo kila picha inajirekebisha mwanga wake yenyewe bila kukuuliza. Tukafunga dirisha, tukawasha taa moja, na kwenye simu ukibonyeza skrini ukashikilia mpaka ifunge mwanga na fokasi haibadiliki tena (simu nyingi zinayo hiyo). Wakaanza upya. Hakuna aliyelalamika, na mpaka leo hakuna hata mmoja wa wale wanne anayepiga picha yoyote bila kuuliza kwanza mwanga unatoka wapi.

Halafu ikaja ile dakika. Binti mmoja wa Gungu ndo alikuwa anasogeza dagaa kwa njiti ya kibiriti, samaki anatakiwa aogelee akutane na wavu asimame. Mara ya kwanza alimsogeza umbali sawa kila picha, akaicheza, dagaa akaenda kama droo inayovutwa kwenye kabati. Akaicheza tena na tena. Akarudia, safari hii katikati anamsogeza upana wa vidole viwili, akikaribia wavu upana wa kidole, halafu nusu kidole, halafu unene wa njiti. Akanigeukia akasema, "Dada, akikaribia inabidi nimsogeze kidogo kidogo, la sivyo anagonga." Jamani. Kile ndo kitu cha kwanza cha maana kwenye taaluma hii yote, vitu vyenye uzito haviondoki kwa ghafla wala havisimami kwa ghafla. Kwenye programu hicho ni kitufe kimoja, unachagua alama zako unabonyeza F9 kwenye After Effects, programu ya Adobe ya kazi hizi, imeisha, na nina wanafunzi wamebonyeza hicho kitufe mwaka mzima hawajui kinafanya nini ndo maana mitumbwi yao na mipira yao na logo zao vyote vinatembea mwendo mmoja. Huyu binti alikigundua kwa njiti. Alipokuja kukaa kwenye kompyuta baadae nikamwonyesha ule mstari uliopinda kwenye grafu ya mwendo akasema "ahaa, hii ni njiti yangu", na hatukuhitaji somo.

Ila nisiwadanganye, video yao ilikuwa na kasoro za wazi. Kwenye fremu tatu kuna kivuli cha mkono, kitenge kilijikunja katikati, na mteja wa kawaida asingeilipia. Ilieleweka lakini. Wavu unapita na dagaa wadogo kabisa wanavutwa nao, ziwa linabaki jeusi tupu, wavu unatoka, dagaa mmoja anarudi, wawili, sita, mpaka kitenge kinajaa.

Kundi la masharti lilichota kadi tatu: usitumie maandishi, rangi mbili tu, hakuna kinachotembea ni kuwaka na kuzima tu. Siku mbili hawakufanya chochote. Walibishana, wakachora wakachana, kijana mmoja alikasirika akaondoka, akasema amekuja kusoma kompyuta sio kucheza bahati nasibu, na nilimwelewa. Siku ya tatu mmoja wao akasema jana usiku nilikaa juu kule naangalia ziwa, giza tupu, hakuna taa. Anayeishi hapa ashajua. Siku za uvuvi ukiwa mlimani usiku unaona taa za wavuvi wa dagaa zimepangana majini kama mji mwingine, na kipindi kile cha kufungwa hazikuwepo. Wakaichora kwenye Blender, programu ya kuchora na kuchezesha michoro: skrini nyeusi, nukta za njano kwenye mstari, zinazima moja moja, taratibu, mpaka ya mwisho. Giza sekunde mbili nzima. Halafu chini ya pale zilipokuwa taa kinawaka kistari kidogo cha njano, kingine, vingine kumi, mpaka huwezi kuhesabu. Basi. Tulimwonyesha mama mmoja anayeuza dagaa, hatukumwambia lolote, akasema "eeh, wanazaliana hao."

Kwa matokeo tu, kundi la tatu liliwashinda wote. Lakini ukiniuliza nani alijifunza zaidi nitakwambia kundi la pili, maana pale wote wanne mikono yao ilifanya kazi, kwenye masharti wazo lilitoka kwa mmoja na wawili wengine wakawa wasaidizi. Na ukiniuliza nani alipata hela kwanza, ni kundi la programu, ndani ya mwezi mmoja wao alikuwa anatengeneza kadi za harusi za video na wateja wanarudi. Hayo ni mambo matatu tofauti, na anayechagua njia ajue anatafuta lipi.

Kuna watu wanasema karatasi na mkasi ni ubunifu wa wasionacho, tukipata kompyuta nzuri tutaacha. Hapana, nakataa kabisa. Lotte Reiniger wa Ujerumani mwaka 1926 alitoa filamu nzima ya animesheni kwa vivuli vya karatasi alivyokata kwa mkasi, fremu kwa fremu, kazi ya karibu miaka mitatu. Saul Bass kule Marekani mwaka 1955 alifungua filamu ya Otto Preminger kwa vibao vyeupe tu kwenye weusi, mwishoni vinageuka mkono uliopindapinda, na watu wanausoma mpaka leo. Hata jina la fani, John Whitney alianzisha kampuni yake ya Motion Graphics mwaka 1960, wakati After Effects imetoka 1993. Na miaka hiyo ya 1920 Josef Albers, mwalimu pale Bauhaus, shule ya ubunifu ya Ujerumani, alikuwa anawapa wanafunzi magazeti, anawaambia tengenezeni kitu, msipoteze karatasi, heshimuni karatasi inavyotaka kukaa. Na kadi sikuzibuni mimi, mwanamuziki Brian Eno na mchoraji Peter Schmidt walitoa kasha la kadi za kumkwamua msanii mwaka 1975, mimi nimeandika zangu kwa Kiswahili na kwa mambo ya hapa. Hawa watu vifaa vya wakati wao wangevipata, walichagua.

Tuje kwenye gharama maana ndo inaamua mengi. After Effects unalipia kila mwezi, hakuna kununua mara moja ukaimiliki, na yenyewe inataka RAM ya GB 16 kwa kuanzia wakati laptopu nyingi za mtumba tunazoshika huku zina 4 au 8. Unafungua programu, feni inalia kama jenereta, unasubiri. Blender ni ya bure, imekuwa huria toka 2002, kwa GB 8 unafanya uchoraji wa kawaida bila shida, ila sura yake mara ya kwanza inatisha na wanafunzi wangu wengi walikata tamaa siku ya kwanza kabla hata hawajachora mstari, kwahiyo usimpe mtu peke yake, kaa nae. Krita, programu nyingine ya kuchora, nayo ya bure na ni nyepesi kueleweka. Halafu video za mafunzo zinakula bando, tena unarudia ile ile mara tano kwa sababu mwalimu wa kwenye video anabonyeza haraka na anaongea Kiingereza cha haraka zaidi.

Karatasi je? Rimu moja ni karatasi 500, kila A4 ukiikata vipande nane unapata vipande 4,000. Kwa picha 12 kwa sekunde hiyo ni zaidi ya dakika tano za mwendo kwenye rimu moja ya steshenari. Umeme ukikatika mnaendelea kuchora. Simu moja inatosha watu wanne. Gharama yake kubwa ni muda na uvumilivu wa mwalimu, na meza, hakikisheni meza haichezi, hiyo nasisitiza.

Kadi hazina gharama yoyote ila zina gharama ya mwalimu mwenyewe, kwamba lazima ujue lini wamekwama kwa faida na lini wamekwama kwa hasara. Yule kijana aliyeondoka, ningemfuata mapema, ningempa sharti jepesi zaidi, pengine angebaki. Siku hizi nikiona kundi limepita siku nzima bila mstari hata mmoja kwenye karatasi natoa kadi moja mikononi mwao narudisha kwenye kasha. Masharti mawili yanatosha wanaoanza.

Kuna suala la kutoa maksi ambalo walimu wa shule wataniuliza. Programu kwanza ni rahisi kusahihisha, amefanya hatua zote kumi au hajafanya. Njia huria inasumbua maana kazi nzuri inaweza kuwa na kivuli cha mkono na kazi mbovu ikawa inang'aa. Mimi naangalia vitu vitatu tu: mtu asiyejua mada ameelewa nini alipoiona bila maelezo, mwendo una uzito, na daftari la majaribio lina kurasa ngapi za kukosea. Hilo la tatu wazazi hulishangaa, mwanangu anapata maksi kwa makosa? Ndio mama, kwa makosa aliyoyaandika na kuyarekebisha. Picha 40 zilizoharibika za kundi la pili zilikuwa na maksi zake.

Basi uchague vipi. Kama wewe ni mwalimu una watoto 20 au 40 na kompyuta moja ya ofisini, usihangaike, mkono kwanza, tena muhula mzima, kompyuta itumike kuunganisha picha tu. Kama mwanafunzi wako ana miaka chini ya 14 pia mkono, hata kama kwao kuna kompyuta tatu. Kama ni kijana mkubwa anahitaji hela mwezi ujao, ana laptopu yake, ana majukumu, mpe programu kwanza na usimcheleweshe na falsafa, ila muombe Jumamosi moja kwa wiki ya karatasi na njiti, na mkataze kuchukua picha yoyote intaneti ya kitu ambacho kipo mtaani kwake. Akitaka samaki aende Kibirizi apige picha, akitaka nakshi nzuri avuke barabara kwa wauza vitenge vya Kongo, pale kuna mafunzo ya rangi na mpangilio ambayo hajalipia. Masharti kwanza siwashauri kwa anayeanza kabisa, bado hana chombo anachokijua cha kutumia kuyatii masharti. Ni dawa ya mtu ambaye tayari anajua kidogo na kazi zake zimeanza kufanana, na hapo inafanya kazi haraka mno, nimeona mtu amekwama miezi mitatu akafunguka kwa kadi mbili.

Mimi mwenyewe sasa hivi naenda na mpangilio huu: wiki tatu mkono bila kompyuta, wiki tano programu, halafu kadi zinaingia humo humo kwenye programu kuanzia wiki ya sita ili video za mafunzo zisije zikawameza. Wiki tatu za mwanzo vijana wa kiume hasa wananisumbua, dada tunaanza lini kompyuta, na nawaambia ukinionyesha dagaa anasimama bila kugonga utaikalia leo leo. Wawili washanionyesha siku ya nne, nikawaruhusu.

Wanaotaka kadi, hizi ndo ninazoanza nazo, kopini kama zilivyo kwenye vipande vya manila: Usitumie maandishi. Rangi mbili tu. Kuwaka na kuzima, hakuna kutembea. Kila kitu kitoke jikoni. Kionekane kizito. Anza na mwisho. Sauti iwe ya mdomo wako. Kitu kimoja kisimame tuli muda wote. Bibi yako aelewe. Futa nusu. Na ile ya mwisho kwenye kasha naiacha wazi, haina kitu, atakayeichota aandike sharti lake na litumike kwa kundi linalofuata.